Kipeo Hushika Kilichoguswa: Aljebra, Namba Hasi na Mabano Yanayosahaulika

Andika ubaoni −3² na kando yake (−3)², kisha uliza darasa la Kidato cha Pili majibu, iwe Ujiji, Kasulu au Kibondo. Wengi watakupa 9 mara zote mbili. Wachache watakupa −9 mara zote mbili, kwa kuwa wameona alama ya hasi na wakaona vibaya kuiacha. Jibu la kwanza ni −9 na la pili ni 9. Anayekosa hapo anajua vizuri kwamba tatu mara tatu ni tisa. Kilichomshinda ni kusoma kilichoandikwa. Ndiyo maana mazoezi mia ya kuzidisha hayamsaidii. Anahitaji kujua kipeo kimeshika nini, kistari kinasema nini, na mabano yanawekwa lini.

Tuanze na kipeo chenyewe. Kipeo kinahesabu ni mara ngapi namba ya chini inajitokeza katika kuzidisha. 5³ ni 5 × 5 × 5, yaani 125. Si 5 × 3. Hili linaonekana dogo hadi pale hesabu inapotoka kwenye daftari. Mkulima wa michikichi anayepanda kwa nafasi ya mita 9 kwa mita 9 anaupa kila mche mita za mraba 9², yaani 81. Hekta moja ina mita za mraba 10,000, kwa hiyo 10,000 ÷ 9² inatoa miche 123 na ushei. (Anayepanda kwa pembetatu kwa nafasi hiyohiyo hufika takriban miche 143, ila hiyo ni jiometri, tuiache.) Aliyezoea kusoma "kipeo cha pili" kama "mara mbili" atagawanya kwa 18 na kupata miche 555. Yeyote aliyewahi kusimama chini ya mchikichi uliokomaa, akaona makuti yake yanavyotanda, anajua miche 555 haienei kwenye hekta. Ukipata jibu, lipeleke shambani kwanza.

Kuna na jambo la matamshi. Kiswahili kimetupa kipeo na kipeuo, maneno yanayotofautiana kwa herufi moja na kufanya kazi zinazopingana. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Mwalimu anayeongea haraka, darasa lenye watoto wengi, mvua ikipiga bati, maneno hayo mawili hufika nyuma ya darasa yakiwa neno moja. Yaandikwe ubaoni kila mara yanapotajwa.

Sasa MAGAZIJUTO. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analijua: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ni kifupi kizuri na kimewabeba wengi, lakini kina mapengo mawili, na yote mawili hujitokeza siku namba hasi zinapokutana na vipeo.

Pengo la kwanza ni kwamba kipeo hakimo. Mtoto anaondoka darasa la saba na mpangilio usio na nafasi ya kipeo, kisha anakutana na 2 × 3² na hajui aanzie wapi. Anazidisha 2 × 3 kwanza, anapata 6, anaipa kipeo cha pili, 36. Jibu ni 18. Sekondari anapewa kifupi kingine cha Kiingereza, BODMAS, na mara nyingi herufi yake ya pili, O, hufundishwa kama "of", yaani "ya", kwa mfano nusu ya kumi, kwa hiyo kipeo kinabaki nje tena. Dawa yake ni silabi moja: MA-KI-GA-ZI-JU-TO. KI ni kipeo, na mahali pake ni mara tu baada ya mabano, kabla ya kugawanya na kuzidisha. Ukilitamka mara tatu linakaa mdomoni.

Pengo la pili liko mwishoni, kwenye JUTO. Ukilifuata neno kwa neno, kujumlisha kunatangulia kutoa. Jaribu 10 − 3 + 2. Anayejumlisha kwanza anapata 3 + 2 = 5, kisha 10 − 5 = 5. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na vinafanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia. Ajabu ni kwamba GAZI haina ubaya huo. Katika mstari wa kuzidisha na kugawanya tu, ukianza kugawanya kila panapowezekana, jibu linatoka lilelile: 12 × 6 ÷ 3 ni 24 ukianza na 12 × 6, na ni 24 ukianza na 6 ÷ 3. Kwa hiyo mtoto anatumia kifupi hiki miaka mitatu bila kukosa upande wa GAZI, anakiamini, na imani hiyohiyo inamwangusha upande wa JUTO.

Njia ya kuziba pengo hili ni kuacha kuona kutoa kama kitendo kinachojitegemea. 10 − 3 + 2 ni mafungu matatu: 10, na −3, na +2. Neno fungu linafaa hapa kama linavyofaa sokoni Mwanga, mjini Kigoma, ambako dagaa wamepangwa mafungu mafungu na kila fungu lina bei yake. Kila fungu la hesabu linatembea na alama iliyo mbele yake. Likihama, linahama nayo. Ukiyahesabu mafungu kwa mpangilio wowote, −3 + 2 + 10 au 2 + 10 − 3, unapata 9 ileile.

Hapo tumefika kwenye kistari. Alama hii "−" ni moja, lakini ina kazi tatu, na Kiswahili kina neno kwa kila kazi, utajiri ambao darasani hatuutumii vya kutosha. Kati ya namba mbili ni "toa": 8 − 5 ni nane toa tano. Mbele ya namba iliyo peke yake ni "hasi": −5 ni hasi tano. Mbele ya herufi au mabano, isome "kinyume cha": −x ni kinyume cha x. Hii ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Anayesoma −x kama "hasi eksi" anaamini kwamba −x lazima iwe namba hasi. Siyo. Ikiwa x = −4, basi −x ni kinyume cha hasi nne, yaani 4. Herufi haitangazi iko upande gani wa sifuri. Kistari kilicho mbele yake kinaipeleka ng'ambo ya pili tu.

Ziwa letu linatoa mfano mzuri wa hasi ambayo si ya kubuni. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mahali penye kina kirefu zaidi panafika takriban mita 1,470. Urefu wa sakafu ya ziwa kutoka usawa wa bahari ni 773 − d, ambapo d ni kina. Weka d = 1,470: 773 − 1,470 = −697. Sakafu hiyo iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa maji yenyewe yako juu bara. Sasa mwanafunzi mwingine anasema kina ni kwenda chini, kwa hiyo ni −1,470, na anaiingiza katika fomula ileile: 773 − (−1,470) = 2,243. Hesabu yake haina kosa, lakini maana imeanguka: sakafu ya ziwa imepanda juu kuliko Tabora mjini, ambako ni takriban mita 1,200. Kosa lake ni kuhesabu "chini" mara mbili, mara moja kwenye fomula na mara ya pili kwenye namba. Ukiamua kina kiandikwe hasi, fomula lazima ibadilike iwe 773 + d. Chagua moja.

Turudi kwa −3². Kanuni ni kwamba kipeo hushika kile kilichokigusa upande wa kushoto wake, basi. Kikiwa kimegusa tarakimu, kinashika namba hiyo bila kistari. Kikiwa kimegusa mabano yanayofunga, kinashika kila kilichomo ndani. Katika −3² kipeo kimegusa 3. Tunapata 3² = 9 kwanza, kisha kinyume chake, −9. Katika (−3)² kimegusa bano, kwa hiyo kinachozidishwa ni hasi tatu yote: (−3) × (−3) = 9. Ukisoma kwa sauti, ya kwanza ni "kinyume cha tatu kipeo cha pili", ya pili ni "hasi tatu, yote, kipeo cha pili". Neno "yote" ndilo mabano.

Mwanafunzi mwenye akili ya kuhoji atauliza nani aliamua hivyo. Ni makubaliano, kweli, lakini yana sababu. Kila mtu anakubali kwamba 10 − 3² ni 1, yaani 10 toa 9. Sasa punguza ile 10 hadi ibaki 0: 0 − 3² ni −9. Na 0 mwanzoni hatuiandiki, kwa hiyo −3² lazima iwe −9 pia. Vinginevyo 7 − x² na −x² + 7 vingekuwa vitu viwili tofauti, wakati mafungu ni yaleyale na yamebadilishana nafasi tu. Aljebra nzima ingepasuka hapo.

Na kwa nini hasi mara hasi ni chanya? Mfano wa deni ni wa zamani sana. Brahmagupta wa India aliandika sheria za "mali" na "deni" mwaka 628. Mchuuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi ana madeni matatu ya shilingi 2,000 kila moja. Anayemdai akiyafuta yote matatu, mchuuzi amepata nafuu ya shilingi 6,000: kuondoa (−3) deni (−2,000) ni +6,000. Mfano huu unaeleweka haraka, lakini kwenye (−3)² unayumba, maana deni halizidishwi kwa deni. Hapo napendelea hoja ya hesabu yenyewe. 3 + (−3) ni 0. Zidisha yote kwa −3, na matokeo yabaki 0. Upande mmoja una (−3) × 3, ambayo ni −9. Kilichobaki, (−3) × (−3), lazima kiwe namba ambayo ikijumlishwa na −9 inatoa 0. Namba hiyo ni moja tu: 9.

Sasa kazi yenyewe ya kuweka namba mahali pa herufi. Ushauri wangu ni mmoja na sirudi nyuma: futa herufi, chora mabano matupu mahali pake, ndipo ujaze namba. Usiweke namba kwanza kisha ufikirie mabano. Mabano yatangulie. Kwa −2x³ − x²y + 3(y − x)², kabla ya kuangalia thamani za x na y, mstari wa kwanza kwenye daftari uwe hivi:

−2( )³ − ( )²( ) + 3[( ) − ( )]²

Sasa tunaambiwa x = −2 na y = −5. Jaza:

−2(−2)³ − (−2)²(−5) + 3[(−5) − (−2)]²

Kuna mafungu matatu. Yashughulikie moja moja, kila fungu kwenye mstari wake, usirukeruke. Fungu la kwanza: (−2)³ = −8, na −2 × −8 = 16. Fungu la pili: (−2)² = 4, na 4 × (−5) = −20, kisha kile kistari cha mbele kinataka kinyume chake, 20. Fungu la tatu: ndani ya mabano (−5) − (−2) = −5 + 2 = −3, kipeo cha pili cha hasi tatu yote ni 9, mara 3 ni 27. Jumla: 16 + 20 + 27 = 63.

Tazama asiyeweka mabano anavyofanya. Fungu la pili analiandika − −2² × −5. Anaona vistari viwili vimeungana, anavigeuza kuwa jumlisha, anapata 4 × −5 = −20. Fungu la tatu akiandika −5 − −2 anaweza kupoteza kistari kimoja njiani na kupata −7, ambayo kipeo chake cha pili ni 49, mara 3 ni 147. Akikosa fungu la pili pekee anapata 23. Akikosa yote mawili anapata 143. Fungu la kwanza analipata sawa, ingawa hakuweka mabano! Hapo pana mtego mkubwa kuliko yote, na nauona hautajwi inavyostahili.

Kipeo kisichogawanyika kwa mbili huficha kosa. −2³ ni kinyume cha 8, yaani −8. (−2)³ ni (−2)(−2)(−2), yaani −8 vilevile. Mwanafunzi anayefanya mazoezi ya vipeo vya 3 na 5 anaweza kuacha mabano wiki nzima na kupata vyema zote. Anajenga mazoea mabaya yanayompa majibu mazuri. Siku anapokutana na kipeo cha 4, −2⁴ ni −16 na (−2)⁴ ni 16, na hajui kilichobadilika. Mwalimu anayetunga zoezi la mabano atumie vipeo shufwa, yaani 2, 4, 6, kwa wingi. Vile witiri, 1, 3, 5, havikamati mtu.

Ukipanga vipeo vya −2 kwa mfuatano, −2, 4, −8, 16, −32, 64, alama inabadilika kila hatua, kwa sababu kila hatua ni kuzidisha kwa hasi mara moja zaidi. Kwa hiyo kabla ya kukokotoa chochote, angalia kipeo kilichogusa mabano yenye namba hasi: kipeo shufwa, jibu chanya, kipeo witiri, jibu hasi. (−1) kwa kipeo cha 100 ni 1. Bila mabano ni −1.

Namba iliyo mbele ya herufi nayo inaleta shida yake. Katika 3x², kipeo kimegusa x tu. Ikiwa x = −2, ni 3 × 4 = 12. Anayezidisha 3 na −2 kwanza, akapata −6, akaipa kipeo, ataandika 36, ambalo ni jibu la (3x)². Na usichanganye a² − b² na (a − b)². Kwa a = 3 na b = −5, ya kwanza ni 9 − 25 = −16. Ya pili ni 3 + 5 = 8, kipeo cha pili 64. Hapa ndipo wengi wanageuza −b² kuwa +25 kwa madai kwamba "b ni hasi, kwa hiyo hasi kwa hasi ni chanya", na wanapata 34. Kistari cha mbele ya b² hakikukutana na hasi ya b. Hasi ya b ilishajimaliza yenyewe ndani ya kipeo. Kufikia hapo fungu ni − (25), na hakuna hasi ya pili iliyobaki ya kukutana nayo.

Gharama ya makosa haya inaonekana zaidi kwenye milinganyo ya kipeo cha pili, pale panapotakiwa b² − 4ac. Chukua 2x² − 5x − 3 = 0. Hapa a = 2, b = −5, c = −3, na alama zimechukuliwa pamoja na namba zao. Mabano kwanza: ( )² − 4( )( ). Jaza: (−5)² − 4(2)(−3). Kipeo: 25. Fungu la pili: −4 × 2 × −3 = 24. Jumla 49, kipeuo chake cha pili 7. Kisha, kwa fomula (−b ± kipeuo hicho) ÷ 2a, (5 + 7) ÷ 4 = 3, na (5 − 7) ÷ 4 = −½. Asiyeweka mabano anaandika −5² na kupata −25, anajumlisha 24, anapata −1, na anaandika kwa ujasiri kwamba mlinganyo hauna jibu. Mwingine anakosa alama ya c, anapata 25 − 24 = 1, na kuondoka na majibu mawili yanayoonekana safi kabisa: 1½ na 1. Huyu wa pili yuko hatarini zaidi, maana hakuna kinachomshtua. Kinga yake ni kurudisha jibu kwenye swali: 2(1)² − 5(1) − 3 = −6, na tulitaka 0. Nusu dakika. Ukirudisha 3 unapata 18 − 15 − 3 = 0, na ukirudisha −½ unapata ½ + 2½ − 3 = 0.

Pia kumbuka mstari wa sehemu ni mabano yasiyochorwa. Juu yake yote ni kitu kimoja, chini yake yote ni kitu kimoja. Ndiyo maana hapo juu tulimaliza 5 + 7 kabla ya kugawanya.

Kistari kikipanda juu kwenye kipeo chenyewe, kinabadilika kazi. 2⁻³ si −8 wala −6. Shuka ngazi: 2³ = 8, 2² = 4, 2¹ = 2. Kila hatua umegawanya kwa 2. Endelea vivyo hivyo: 2⁰ = 1, 2⁻¹ = ½, 2⁻² = ¼, 2⁻³ = ⅛. Hasi ya kipeo inaleta kugawanya na haigusi alama ya jibu. Anayeamua alama ya jibu ni kistari cha chini, pamoja na mabano: (−2)⁻² ni ¼, −2⁻² ni −¼, (−2)⁻³ ni −⅛. Ngazi hiyohiyo inaeleza kwa nini namba yoyote isiyo sifuri ikipewa kipeo 0 inatoa 1. Kwa hiyo (−5)⁰ = 1, na −5⁰ = −1, kwa sababu ileile ya −3².

Wanaofanya kazi na kompyuta wajue kwamba mashine hazikubaliani. Kwenye Excel, ukiandika =-3^2 unapata 9, kwa kuwa programu hiyo inashika kistari cha mwanzo kabla ya kipeo; ukiandika =0-3^2 unapata −9. Python, ukiandika -3**2, inakupa −9 kama kwenye vitabu vya hisabati. Kalkuleta za kisayansi za Casio nazo zinatoa −9 kwa −3², lakini ukihifadhi −3 kwenye herufi A na kuandika A² zinatoa 9, kwa sababu herufi ni kitu kizima, kana kwamba ina mabano. Ile kalkuleta ndogo ya dukani inafanya kila kitendo papo hapo unapobonyeza: 2 + 3 × 4 inakupa 20, wakati jibu ni 14. Katika karatasi ya fomula za duka au ghala, andika mabano hata pale unapodhani hayahitajiki. Na pale kalkuleta isiporuhusiwa kwenye mtihani, mkono lazima ujue njia.

Kuna njia ya kuhakiki ambayo haina kipeo hata kimoja, nami naipenda kwa sababu hiyo. Wazungu huiita kwa jina la William George Horner, Mwingereza aliyeichapisha mwaka 1819, ingawa Qin Jiushao wa China aliitumia mwaka 1247. Chukua 2x³ − 3x² + 4x − 5, x = −2. Andika namba za mbele kwa mfuatano: 2, −3, 4, −5. Anza na 2. Zidisha kwa −2, jumlisha inayofuata: −4 + (−3) = −7. Zidisha kwa −2, jumlisha inayofuata: 14 + 4 = 18. Zidisha kwa −2, jumlisha ya mwisho: −36 + (−5) = −41. Kwa njia ya kawaida: 2(−8) − 3(4) + 4(−2) − 5 = −16 − 12 − 8 − 5 = −41. Njia mbili zisizofanana zimekutana. Tahadhari moja: ikiwa kuna kipeo kilichorukwa, weka 0 mahali pake. x³ − 7 inaandikwa 1, 0, 0, −7. Ukisahau sifuri hizo, ngazi inapungua vidato viwili na jibu linakuwa la swali lingine.

Kwa atakayetaka kujipima jioni hii, chukua x = −3 na y = 2, anza na mabano matupu, na utafute thamani za hizi tano: −x²; (−x)²; −x³; x²y − xy²; na 4 − (x + y)⁴. Kisha linganisha: −9, 9, 27, 30, 3. Ikiwa ya kwanza umeikosa na ya tatu umeipata, rudi pale tulipozungumzia vipeo witiri. Ikiwa ya nne umepata 6, hasi ya x imekuponyoka katika fungu la pili: xy² ni −12, na kinyume chake kinajumlishwa. Ikiwa ya tano umepata 5, umekipa kistari cha mbele ya mabano kipeo ambacho hakikukigusa.